Mkasi wa Makaburini

Watu wa Tarbell hawakubaliani kwa mengi, lakini kwa hili hawakuwa na ubishi: tangu Verlin Haskett akabidhiwe makaburi ya kilimani, hapakuwa na mahali pa kupendeza kama pale, kuanzia mtoni hadi kwenye theluji za juu. Kabla yake palipita watunzaji wawili, mmoja mlevi na mwingine mvivu, na hata leo wazee watakwambia kwamba mlevi alikuwa afadhali.

Verlin hakuwa mlevi wala mvivu. Alikuwa mzee wa miaka sabini na sita, mrefu, mgongo umenyooka kama rula, na kifungo cha shingoni alikifunga hata Julai. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na minne akaingia kiwanda cha saruji, akakaa humo miaka thelathini na tisa. Lakini jioni, wenzake walipokwenda kunywa bia, yeye alikwenda darasani. Alisoma hesabu, akasoma kuandika barua, na uzeeni, miaka mingi baada ya kustaafu, akasoma mambo ya bustani. Cheti cha bustani alikitia fremu akakitundika sebuleni, pale ambapo nyumba nyingine hutundika picha ya harusi.

"Kingekuwa na miguu kingekuja kula nasi mezani," dada yake alipenda kusema.

Huyo dada aliitwa Nedra. Alimzidi Verlin miaka minane, na alikuwa amewafundisha watoto wa Tarbell kwa miaka arobaini. Miguu yake ilipokataa kazi, Verlin alimchukua akakaa naye. Nusu ya mji bado walikuwa wakinyoosha migongo kila kiti chake cha magurudumu kilipopita mbele ya duka.

Upande wa zamani wa makaburi, kuanzia Juni, ulifunikwa na maua ya blanketi. Hakuna aliyeyapanda, yalikuwa pale kabla ya marehemu wa kwanza. Petali zake ni za manjano, shina la petali ni jekundu, na kitovu cha ua ni chekundu cha kuiva, kama blanketi zilizofumwa zamani na wake za wachungaji. Darasani Verlin alifundishwa kwamba ua likishatoa mbegu hujiona limemaliza kazi yake, likalala. Ukilikata kichwa mara tu linaponyauka, litachanua tena. Basi kila Jumanne na kila Ijumaa alipanda kilimani na mkasi wake wa bustani, akaenda kaburi kwa kaburi, akakata kila kichwa kilichokauka, akakitia guniani, na mwisho wa wiki akachoma magunia yake ndani ya pipa nyuma ya kibanda cha majembe. Na kweli, maua yalichanua mpaka Septemba. Watu walikuja kutoka mabonde mawili mbali kupiga picha. Kuna bibi harusi mmoja aliyepiga picha zake zote pale, katikati ya maiti, na hakuna aliyeona ajabu.

Kulikuwa pia na nondo.

Nondo huyu ni mdogo, hazidi ukucha wa kidole gumba, na huruka mchana badala ya usiku. Kichwa na mabega yake yana manyoya ya manjano, na mabawa yake ni mekundu kama divai. Akitua kwenye ua la blanketi huweka kichwa kwenye manjano na mabawa kwenye wekundu, na hapo tena humwoni, hata ukimkaribia kwa pua. Kwa miaka yote arobaini, Jumapili ya mwisho ya Juni, Nedra aliwapandisha watoto kilimani baada ya kanisa. "Nani atamwona wa kwanza?" Aliyemwona alipewa peremende. Tarbell ina wanaume wenye wajukuu, waliowahi kukaa kwenye viti vikubwa vya mji, ambao heshima yao ya kwanza duniani ilikuwa peremende hiyo.

Lakini miaka hii minne nondo walikuwa wakipungua. Mwaka wa kwanza Nedra aliona thelathini. Uliofuata, kumi na wawili. Kisha watatu. Na Juni ya mwaka huu Verlin alimsukuma dada yake safu kwa safu, Nedra akiinamia ua baada ya ua na lenzi yake ndogo, tangu kengele ya kanisa hadi jua lilipougusa mlima. Akaomba arudishwe tena kwenye safu ya kaburi la mama yao. Akatazama. Kisha akairudisha lenzi kwenye mfuko wake.

"Nirudishe nyumbani, Verl."

Jioni hiyo hakula. Asubuhi, kahawa ikiwa mkononi, alisema tu, "Nilidhani nitatangulia mimi, si wao."

Neno hilo lilimchoma Verlin kama mwiba wa samaki. Akaanza kumtafuta mkosaji, na mtu mwenye kiburi akitafuta mkosaji hachukui muda mrefu. Ng'ambo ya uzio wa makaburi palikuwa na shamba la kondoo la Eusebio Archuleta. Miaka minne nyuma, Verlin alimwona kwa macho yake mawili Eusebio akipita kando ya uzio na tangi mgongoni, akipulizia miiba dawa ya magugu. Miaka minne. Verlin alikuwa amesoma hesabu.

Akaandika barua ya gazeti la wilaya, akaifuta, akaiandika tena, mara tatu. Akamsomea Nedra.

"Umemuuliza?" Nedra alisema.

"Nimuulize nini? Nilimwona."

"Mm," alisema Nedra, akageukia dirisha.

Barua ilitoka wiki ya pili ya Julai. Ilikuwa na sentensi moja ambayo watu waliirudia kwa kinyozi na kwenye pampu ya petroli: "Yuko mtu miongoni mwetu ambaye, kwa uvivu wa kung'oa miiba kwa mikono, amefuta kiumbe cha Mungu juu ya makaburi ya wazazi wetu." Verlin aliipenda sentensi hiyo. Aliposikia mtu akiisema dukani, alijifanya anachagua viazi.

Hakutaja jina, lakini uzio ule ulikuwa na jirani mmoja tu. Na jirani huyo alikuwa na haki iliyojulikana na kila mtu. Kilima cha makaburi kilikuwa cha babu yake Eusebio. Alikitoa bure, kwa sharti moja: kila mwaka, baada ya baridi kali ya kwanza, madume ya kondoo ya ukoo wake yashuke kulisha mteremko wa chini, kizazi baada ya kizazi. Sasa watu wakaanza kuuliza kama mtu anayetia sumu makaburi anastahili haki hiyo. Twila Stancliff, mwandishi wa kamati ya makaburi, alimpigia Verlin simu.

"Barua yako imetuamsha, Bwana Haskett. Alhamisi ya mwisho wa mwezi tunapiga kura kumwondolea haki ile. Utafungua wewe mkutano."

"Nitafungua," alisema Verlin.

Jumatatu ya wiki hiyo ya kura, Nedra alimwomba kitu kidogo.

"Niletee vichwa vilivyokauka, kabla hujavitia motoni. Nataka mbegu. Nitawapa watoto wa shule wapande."

Verlin alipanda kilimani siku hiyohiyo, akamletea bakuli tele. Nedra akakaa nalo kwenye meza ya jikoni na pini na lenzi, akaanza kuvifungua kimoja kimoja. Verlin alikuwa kwenye sinki akiosha mikono. Akasikia kimya. Ni kimya alichokijua tangu utotoni, kile kinachokuja kabla ya kuitwa jina.

"Verl. Njoo hapa."

Ndani ya kichwa kimoja, katikati ya mbegu, kulikuwa na kiwavi. Hakuzidi kiungo cha kidole, rangi ya kahawia yenye mistari, na alikuwa akila kwa utulivu wa mtu aliye kwao.

"Mdudu mharibifu," alisema Verlin.

"Ni yeye." Nedra hakuinua macho. "Mtoto wake. Niliwahi kuona picha yake kitabuni, nikadhani hukaa kwenye majani. Miaka arobaini nawaonyesha watoto mama, sikuwahi kujiuliza mtoto analelewa wapi. Analelewa humu. Anakula mbegu, halafu atashuka ardhini alale mpaka Juni." Akageuza kichwa kile cha ua taratibu. "Hivi vichwa vingine unavipeleka wapi?"

Alijua vinakopelekwa. Aliuliza kama mwalimu anavyouliza, ili jibu litoke kwenye kinywa cha mwanafunzi.

"Navichoma."

"Vyote?"

"Vyote."

"Tangu lini?"

Verlin alitazama sebuleni bila kutaka. "Tangu nipate cheti."

"Magunia mangapi kwa kiangazi?"

"Kumi na moja. Mwaka jana kumi na mbili."

Nedra akamrudisha kiwavi kwenye mbegu zake, akakifunika kichwa kile kwa kidole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Hakugomba. Angegomba, Verlin angepata pa kushika. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na Verlin alikuwa ameliandika la mwenzake gazetini, kwa lugha safi, baada ya kufuta mara tatu.

"Usimwambie mtu, dada," alisema.

"Mimi sina barua gazetini," alisema Nedra.

Siku tatu zile Verlin hakupanda kilimani. Alikaa kwenye kiti chake akinusa mikono. Ilimjia kwamba kila Jumamosi kwa miaka minne alirudi nyumbani akinuka moshi, akakaa mezani mbele ya dada yake, na dada yake akamwambia, "Leo umefanya kazi nzuri." Alhamisi asubuhi aliandika maneno machache kwenye karatasi: *Aliyewamaliza si Eusebio. Ni mimi.* Aliikunja karatasi akaitia mfuko wa shati.

Ukumbi ulijaa watu kama arobaini na harufu ya kahawa iliyochemka mno. Eusebio alikaa safu ya nyuma, nywele zimelowanishwa na kuchanwa, kofia juu ya goti. Mkononi alishika mfuko wa nailoni, na ndani yake karatasi ya babu yake, imekunjwa mara nyingi hata kwenye mikunjo ilikuwa inaachana. Hakuwa amekuja kupigana. Alikuwa amekuja na ushahidi wa babu yake, kama mtoto aliyetumwa na barua.

"Bwana Haskett," alisema Twila, "ukumbi ni wako."

Verlin akasimama. Akaona nyuso zote zimemwelekea, na nyuso zile zilimheshimu. Mkono ulikwenda mfukoni ukaigusa karatasi, ukarudi mtupu.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi ndiye niliyeandika. Na nimefikiri sana. Babu wa mtu akitoa ardhi, ametoa. Haki ile isiguswe." Hadi hapo ilikuwa sawa. Angeweza kukaa. Lakini watu walikuwa bado wanangoja sababu, na kinywa chake kikawapa. "Sote tunakosea. Naomba tumsamehe jirani yetu."

Watu wakapiga makofi. Kura haikupigwa. Twila aliandika kwenye daftari, akisoma kwa sauti huku anaandika, "Kwa ombi la Bwana Haskett, na kwa moyo wake wa ukarimu." Na Eusebio, mtu mfupi mwenye mikono minene, laini kwa mafuta ya sufu ya kondoo, alikuja kutoka nyuma hadi mbele, watu wakimpisha, akampa Verlin mkono.

"Asante, jirani," alisema. "Kwa kweli sikutegemea."

Verlin aliushika mkono ule. Ulikuwa na joto.

Ndani ya pikapu, walipovuka daraja, Nedra alimgeukia.

"Umemsamehe," alisema.

"Dada..."

"Hapana, subiri, nataka nielewe vizuri. Mimi ni mwalimu tu, sina cheti cha bustani. Aliyeiba kamsamehe aliyeibiwa, na aliyeibiwa kashukuru. Ndivyo?"

Verlin alibadilisha gia, ikalia vibaya.

Kesho yake saa sita mchana Eusebio alibisha mlango wa jikoni akiwa amebeba sufuria kwa vitambaa viwili. Ilikuwa nyama ya kondoo na pilipili za kijani za kuchoma, na juu yake chapati zimefungwa kwenye taulo.

"Mke wangu Ofelia kasema mtu aliyetuokoa asile mkate wa dukani," alisema. "Hujambo, mwalimu?"

"Sijambo, Eusebio. Nyoosha mgongo."

Eusebio akacheka, akaunyoosha. Kisha akabaki amesimama, akizungusha kofia mikononi.

"Jirani, nataka nikwambie jambo. Kweli ile dawa niliipiga. Mara moja tu, mwaka ule miiba iliponizidi. Sikujua. Tangu uandike silali vizuri. Nazunguka usiku kucha najiuliza, labda ni mimi kweli. Labda mwalimu kakosa nondo wake kwa ajili yangu." Akamtazama Nedra. "Kama ni mimi, mama, unisamehe."

Nedra alimtazama mdogo wake. Verlin akatazama sufuria.

"Kwangu huna deni, mwanangu," Nedra akasema hatimaye. "Nenda salama."

Mlango ulipofungwa, alijipakulia akala, akala tena, akafuta sahani kwa chapati.

"Kula," alisema. "Tamu kweli. Au huwezi?"

Verlin hakuweza. Alikata kipande kidogo cha nyama akakitia kinywani, kikakaa humo kama kipande cha soli. Alipokitoa kwenye leso, Nedra alijifanya hakuona, na huko kujifanya hakuona kulikuwa kama kofi.

Jumamosi asubuhi aliiosha sufuria, akaikausha, akashuka nayo kwa miguu mpaka kwa Archuleta. Eusebio alikuwa uani amemkalisha dume la kondoo kitako kama mtu mnene kwenye kiti, akimchonga kwato kwa kisu butu.

"Jirani! Weka hapo. Ofelia kaenda mjini. Kahawa ipo."

"Sitaki kahawa." Verlin alibaki amesimama, sufuria mikononi. "Eusebio, si wewe. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nondo. Watoto wao hukaa ndani ya vichwa vya maua vilivyokauka. Nimevikata miaka minne nikavichoma. Magunia kumi na moja kwa mwaka."

Eusebio aliacha kisu. Dume lilijaribu kujiinua, akalibana kwa magoti.

"Umejua lini?"

Hilo ndilo swali ambalo Verlin, njia nzima, aliomba asiulizwe.

"Jumatatu."

"Mkutano ulikuwa Alhamisi."

"Ndiyo."

"Ukasimama ukanisamehe."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote. Na mimi nikakupa mkono."

"Ndiyo."

"Na mke wangu akakupikia."

"Ndiyo. Sufuria nimeirudisha."

Kitu kilitikisika kwenye uso wa Eusebio, kikawa kama kitakuwa kicheko, kikakataa. Alishika tena kwato, akachonga kidogo, akaacha.

"Wiki mbili zilizopita," alisema, "mjukuu wangu Marisela alirudi kutoka kuogelea. Watoto wenzake walikataa kuingia naye majini. Akaniuliza, 'Babu, ni kweli wewe unaua vitu vya Mungu?' Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, 'Labda, mwanangu. Labda ndiyo.' Nilimwambia ndiyo, Verlin. Mtoto wa miaka tisa."

Verlin aliiweka sufuria chini.

"Nitamwambia mimi mwenyewe," alisema.

"Utamwambia nini? Anajua kusoma. Yalikotoka yale, gazetini, ndiko yatoke na haya."

"Nitaandika."

"Na kwa Twila pia. Afute ule ukarimu wako."

"Nitamwambia."

Eusebio akaliachilia dume, likaenda zake likijitikisa kwa hasira. Akasimama, akapiga vumbi suruali.

"Njoo," alisema.

Alimpeleka nyuma ya zizi, wakapita lango la waya, wakaingia shamba la kaskazini, lile lililopakana na makaburi. Kondoo hawakuingia humo mpaka baridi. Maua ya blanketi yalikuwa yamejaa, yamekwisha kuchanua, vichwa vya kahawia vimesimama juu ya mabua yake kama kundi la watu wazima wanaosubiri zamu. Hakuna aliyewahi kuyagusa. Eusebio alichuma kichwa kimoja akakipasua kwa ukucha. Kiwavi. Akachuma kingine. Hakuna. Cha tatu: kiwavi.

"Hawa?" alisema. "Hawa wapo miaka yote. Na Juni huyo mama yao, wa manjano na mwekundu, humu ni wengi. Ofelia huwaona akija kuanua nguo."

Verlin alishika nguzo ya uzio. Hatua thelathini kutoka pale, upande wa pili wa waya, aliliona pipa lake. Basi hata yule kiwavi mmoja wa jikoni, mama yake alikuwa ametoka huku, akavuka uzio, akataga mahali pabaya.

"Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Mkutanoni, ungesema wako kwako, yangekwisha."

"Mimi nilidhani wale wa makaburini ni wengine. Mwalimu alikuwa na wake." Eusebio aliinua mabega. "Halafu, nani aliniuliza? Hukuniuliza, jirani. Uliandika."

Walirudi uani. Kule Eusebio alinyoosha mkono.

"Nipe mkasi."

Verlin alikuwa nao kwenye mfuko wa nyuma, kama siku zote. Hakukumbuka hata kuutia. Akautoa. Eusebio alimkamata dume mwingine, akamkalisha, akaujaribu mkasi kwenye kwato. Ulikata safi.

"Chuma kizuri," alisema, na alipomaliza kwato zote nne aliutia mfukoni mwake. Verlin hakuuomba.

Barua ya pili haikufutwa hata mara moja. Ilisema: "Mtu niliyemwandika mwezi huu kwamba amewamaliza nondo wa makaburini hakuwamaliza. Niliwachoma mimi, miaka minne, ndani ya pipa, kwa sababu nilijua nusu ya jambo nikadhani nimelijua lote. Nilipojua kweli, nilisimama ukumbini nikamsamehe Eusebio Archuleta kosa langu mwenyewe. Marisela, babu yako hakuua kitu." Gazeti liliichapa ukurasa wa sita, chini ya tangazo la matairi.

Tarbell haikumhurumia. Twila alilifuta lile neno kwenye daftari kwa kalamu nyekundu na hakumpigia simu tena. Kwa kinyozi, mtu mmoja alimwambia kinyozi, "Haskett asije akakusaidia kunyoa, atatumalizia chawa," na watu wote mle wakacheka, na Verlin, akiwa amefungwa shuka shingoni, alicheka nao kidogo kwa kuwa hakuwa na pa kukimbilia. Nyumbani alipanda kwenye kiti ili akishushe cheti.

"Kiache," alisema Nedra kutoka jikoni.

"Kinanitazama, dada."

"Ndiyo maana nasema kiache."

Juni iliyofuata, Jumapili ya mwisho, Verlin na Eusebio walikibeba kiti cha Nedra kuvuka mtaro hadi shamba la kaskazini, mmoja mbele, mmoja nyuma, Marisela akitangulia kuwafungulia lango. Nedra alitoa lenzi kwenye mfuko wake. Hakufika ua la kumi akawa amempata.

"Haya," alisema, sauti yake ikiwa ile ya darasani. "Nani anamwona?"

Marisela alimwona, akapewa peremende. Eusebio alimwona, akaidai na yeye yake. Verlin alitazama lile ua, lakini macho yake yalikuwa yakikimbilia kwenye nyasi, kwenye viatu vyake, popote pengine.

"Unamwona, Verl?"

"Namwona."

"Humwoni. Rudia."

Akainama, akarudia. Ilichukua muda. Kisha wekundu wa ua ukapumua, na akamwona: mabega ya manjano, mabawa ya divai, mdogo, hana habari naye. Nedra hakumpa peremende, wala yeye hakuitarajia.

Upande wa makaburi mwaka huo hawakuona hata mmoja. Kwa hiyo Verlin hakukata kitu. Maua yalichanua mara moja yakakauka, na kufikia Agosti kilima chote kilikuwa cha kahawia, mabua yakiegemea mawe, mbegu zikimwagika juu ya majina ya watu. Hakuna aliyekuja tena kupiga picha. Waliojua sababu waliijua. Wengine walisema mzee amechoka.

Siku moja mama mmoja wa mjini, aliyevaa viatu vyeupe, alishuka kwenye gari akitafuta kaburi la shangazi yake. Alizunguka kwa dakika kumi, mabua yakimshika sketi, mpaka akamkuta Verlin kwenye kibanda cha majembe.

"Samahani, mzee. Ni nani anayetunza mahali hapa?"

Kwenye ncha ya ulimi wa Verlin kulikuwa na maelezo yote, yamepangwa vizuri: nondo, kiwavi, mbegu, Juni. Yangemchukua dakika mbili, na mwisho wake yule mama angemwangalia kwa heshima.

Akavua kofia.

"Ni mimi, mama."

"Ni aibu," alisema yule mama.

"Ndiyo," alisema Verlin. Akamuuliza jina la shangazi, akatangulia mbele yake safu kwa safu, na walipolifikia jiwe aliyatenga mabua makavu kwa mikono yake miwili, polepole, asivunje hata moja, mpaka jina likasomeka.